Mwaka Tulipolichafua Gari la Shemeji

Simu iliingia nikiwa barazani nachambua maharage, hapa Bwera, na aliyepiga ni Simiyu, mtoto wa dada yangu, kutoka Kenya. "Mama mdogo," akasema, "mzee ametuacha." Mzee ni Wekesa, mume wa dada yangu Masika. Masika mwenyewe alitangulia zamani. Tukapeana pole, kisha Simiyu akasema wanatafuta maneno ya kusoma siku ya mazishi na kila mtu anauliza mzee alipenda nini. "Mahindi tunajua. Redio tunajua. Lakini kuna jambo moja hatulielewi, mama mdogo. Mzee alichukia magari. Mimi nikiosha langu Jumapili hapa uani, anabeba kiti chake anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, anaangalia ukuta." Nikamjibu, "Hivyo ndivyo alivyokuwa," kwa sababu simu si mahali pa kueleza, na aliyefiwa humpi mzigo wa pili. Magoti yangu hayawezi safari ya mpaka kule. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini majina ya watu na mahali walipokaa hayajawahi kunipotea, na mkono bado unashika kalamu. Basi nitaandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwao Bulembia, Simiyu akiwa mtoto wa kubebwa. Atausoma akitaka.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu askari washike serikali. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nililetwa kumsaidia dada aliyekuwa ametoka kujifungua. Nyumba za wafanyakazi wa mgodi zilipangwa kwenye mteremko, mstari juu ya mstari, na chini mto Nyamwamba ulipiga kelele usiku na mchana hata mgeni akadhani mvua inanyesha. Yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, viti vitatu, redio iliyofunikwa kitambaa alichofuma Masika, na nyuma ya pazia godoro langu. Cha ndani walilala wao na mtoto. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha mabati kilichokuwa cheusi kwa moshi, na tulilitumia pamoja na jirani wa kushoto, Papa Kambale, Mkongomani wa Butembo aliyeuza maharage na samaki wakavu wa Kahendero. Mke wake alibaki Butembo. Ukuta kati yetu na yeye ulikuwa kama shuka. Akikohoa, Masika alimwambia pole, naye akajibu asante, bila mtu kuinua sauti. Tulikula obundu, ule ugali wetu wa muhogo, kwa sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, au kwa samaki. Wekesa, Mluhya wa watu, aliula siku sita bila kulalamika, na siku ya saba akataka ugali wa mahindi. Siku ya saba ilikuwa yake kwa kila kitu.

Jumapili akitoka kanisani alivua shati jeupe, akavaa bukta iliyokatwa kutoka kwenye suruali ya kazi, akaenda kwa gari. Lilikuwa dogo, mgongo wa mviringo, lile ambalo watu waliliita kobe, injini yake iko nyuma na mahali pa mizigo pako mbele. Rangi ilikuwa ya bluu. Aliuziwa na Mzungu wa ofisi ya ramani, Bwana Tomlin, aliyekuwa akirudi kwao, na mshahara wa miaka sita uliingia humo. Wekesa alikuwa fundi wa pampu. Wiki nzima alikuwa chini ya ardhi, mikono ndani ya grisi na maji meusi. Gari lenyewe hakulitembeza zaidi ya mara moja kwa mwezi, mpaka Kasese mjini, na mara moja mpaka Katunguru kununua samaki wabichi. Siku hiyo yeye alirudi na gari. Samaki walirudi kwa basi, na Masika akiwa nao, ili viti visinuke. Alisema gari lile ni la siku moja: siku atakayorudi kwao na mke na mtoto, akiingia kijijini kwa mlango wa mbele, si kwa miguu. Alilitunza kwa ajili ya siku hiyo.

Kuliosha kulianza saa nne na kukaisha jua likiingia mlimani. Ndoo zilikuwa mbili, ya sabuni na ya kusuuzia kitambaa, na ole wako uzichanganye. Alianza na paa akashuka. Kitambaa kilikwenda mbele na kurudi, hakikuzungushwa, kwa sababu kikizungushwa mchanga mdogo unaandika duara kwenye rangi na duara hilo halitoki tena. Kofia za magurudumu zilikuwa na mswaki wao. Bampa ilisuguliwa kwa majivu ya maganda ya ndizi yaliyochekechwa ndani ya soksi, yakawa laini kama unga wa mtoto. Vioo vilifutwa kwa gazeti lenye maji. Mwisho ilikuja ngozi laini ya kukaushia, ambayo ilikuwa na msumari wake peke yake ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kuipitisha karibu na moto. Watu walikuja kutazama. Okello wa stoo, Mzee Bazirake wa geti na Baluku fundi viatu walikaa kwenye ukingo wa mfereji kama wako kwenye mpira. "Wekesa!" Baluku aliita, "huyo mke wa pili anaoga kuliko wa kwanza!" Masika akamjibu kutoka jikoni, "Wa pili hapiki, mwache aoge!" Wekesa hakugeuka. Alikuwa mtu wa kusikia na kuendelea.

Mimi nilianza kwa kuchota maji. Kisha Jumapili moja alikuja na kidole kilichobanwa na bomba, kimefungwa bendeji, akanipa kitambaa bila maneno. Nikaanza kulipapasa gari kama kitu cha watu. "Shemeji," akasema, "usilibembeleze. Lishike kama unamwosha mtoto nyuma ya masikio. Hapendi, lakini unaosha." Baada ya hapo kidole kilipona na kitambaa hakikurudi kwake peke yake. Tuligawana, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto, na hatukuzungumza. Mwaka ule polishi ya dukani ilipotea pamoja na sukari, akaanza kupika ya kwake. Nta ya nyuki tuliinunua kwa watu walioshuka milimani na asali. Aliiyeyusha ndani ya sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, akaitoa, akaipeleka mbali kabisa na jiko, ndipo akamimina mafuta ya taa kidogo kidogo akikoroga kwa kijiti mpaka ikawa kama samli. Sufuria ilikuwa ya maharage.

"Baba Simiyu, hiyo ni ya chakula," Masika akasema.

"Nitaiosha."

"Utaiosha kama sufuria au kama gari?"

"Kama gari."

"Basi chukua."

Aliiosha kama gari, lakini wiki mbili maharage yetu yalikuwa na harufu, na Papa Kambale akauliza kupitia ukuta, "Mama Simiyu, ile maharage muko nakula ama muko nawasha?" Nta yenyewe ilikuwa nzuri. Ukiipaka inakuwa kama ukungu, unangoja, unafuta, na mlima unaonekana kwenye mlango wa gari. Niliona na uso wangu humo, mzima, kutoka nywele hadi kidevu. Kwetu kioo kilikuwa kipande cha kuonea jicho moja kwa wakati.

Mwezi wa sita Papa Kambale alirudi kutoka Katunguru na kamioneti yake, gari dogo la mizigo, akala kwetu jioni ile kwa sababu alikuwa na habari, na habari kwa Papa Kambale haikuweza kupita ukutani kwa vipande. "Pale ku daraja," akasema, akishika tonge bila kulitia mdomoni, "basoda beko nasimamisha kila motokari. Ile yenye iko nangaa, banasema shuka. Mwalimu moja alikuwa na ya kwake nyeupe, nzuri kabisa. Balimuambia shuka, akashuka. Bakaenda nayo. Nimemuacha anasimama pale na mufuko ya mikate."

"Na wewe, askari hawakukusimamisha?" Masika akauliza.

"Miye? Yangu iko na kutu, mulango nafunga na kamba. Soda moja alitema mate, anasema, pita, takataka." Akacheka mpaka akakohoa. "Takataka iliniokoa, mama!"

Wekesa aliendelea kumega ugali. Sikuona kitu usoni mwake. Lakini wiki iliyofuata gari la karani wa mstari wa juu, Bwana Kiiza, lilichukuliwa mchana mbele ya watoto wake, nalo lilikuwa kobe kama letu, jeupe. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu jambo likawa moja: letu lisichukuliwe. Kulificha hakukuwa na mahali, bonde lilikuwa na barabara moja. Masika ndiye aliyesema, akiwa ananyonyesha, kama mtu anayesema leo tupike nini. "Lichafue." Siku ya tatu Wekesa aliuliza, "Kwa nini?" akimaanisha kwa kitu gani, na Masika akasema, "Simenti. Matope yanaoshwa na mvua."

Papa Kambale alileta nusu mfuko. Jumapili ile Wekesa aliliosha gari kwanza, mwanzo hadi mwisho, akalipaka nta mara mbili, kwa sababu alisema rangi lazima ipate kinga, kama unavyopaka sufuria mafuta kabla ya kutia unga. Kisha tukakoroga simenti na maji tukalirushia. Kufikia Jumatano simenti yote ilikuwa imeanguka chini kwa magamba makubwa, na gari lilikuwa bluu kuliko zamani. Baluku alipita akasema, "Nyoka amejivua!" Nta ilikuwa imekataa uchafu, ilivyofundishwa. Ikabidi itolewe. Wekesa alileta mafuta ya taa na maji ya moto ya sabuni, akashika kitambaa, akasugua mlango mmoja mpaka ukapoteza mng'ao, akakiweka chini. Alikwenda kukaa jikoni mahali pa wanawake akawa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Tulimaliza mimi na Masika. Masika alifanya kazi ile akicheka. Alipaka utomvu wa mgomba, ambao ukikauka kwenye nguo ni doa la maisha, kisha simenti, kisha matope ya mtoni, akachukua mchi akaigonga bampa mara tatu, akavunja kioo cha taa moja, akasema, "Haya, sasa amekuwa mke mkubwa." Nilimtazama Wekesa mlangoni mwa jiko. Kila mchi uliposhuka alifumba macho, lakini hakusema acha.

Gari lilikaa hivyo mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Askari walipita barabarani mara nyingi na hakuna aliyeinua kichwa. Kuku wa Okello alitaga chini yake. Jumapili zilikuwa ndefu. Wekesa alikaa kwenye kiti na redio, ile ngozi ikakauka kwenye msumari wake ikawa ngumu kama ganda, na wale wa mfereji wakahamia kutazama mchezo wa bao. Ilitushinda kukaa bila kuosha. Nasema ilitushinda, ingawa aliyeanza ni mimi. Siku moja nilitumwa kutoa yai chini ya gari, nikafungua kifuniko cha nyuma kuona kama kuku ameingia na humo, nikaiona injini imejaa vumbi na mafuta. Nikafikiri, nje ni kwa ajili ya askari, lakini humu nani ataona? Niliileta brashi ya rangi na mafuta ya taa. Siku iliyofuata nilirudi. Nilisafisha kila bomba na kila waya, nikang'arisha mfuniko wa feni, nikatoa mazulia, nikapaka viti, nikafuta mpaka jeki na tairi ya akiba. Nilifanya hayo Wekesa akiwa zamu na Masika akilala na mtoto, nikafunga vifuniko, na nje gari likabaki jiwe. Leo naona vijana hapa mpakani wanaosha pikipiki pale mto Lhubiriha, wanaosha panapoonekana na kuacha kulikojificha, na nadhani wana akili kuliko sisi. Aliyefundishwa na Wekesa hakujua kuosha nusu. Mwezi wa nane, mwishoni, nilikuta kikopo cha nta mpya kimewekwa juu ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo mimi peke yangu ningekiona. Jikoni hakuna aliyekuwa amepika nta tangu mwezi wa sita. Alikuwa ameipika sijui wapi. Nilikitumia, na hatukuzungumza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mwezi wa kumi, saa tisa mchana. Wekesa alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, anakula. Hawakuja kuchukua gari. Walikuwa wanapanda barabara ya bonde na lile kobe jeupe la Bwana Kiiza, na mkanda wa feni ukakatika chini yetu, karibu na geti. Walipanda kwa miguu, afande mmoja na askari wawili, wakitafuta mkanda, na gari la kwanza la aina ile waliloliona ni letu. Jina la afande sikulijua. Wa mwaka ule wote, ni yeye tu nisiyekuwa na jina lake. Alikuwa mfupi, shati limepigwa pasi vizuri, na alitembea akiangalia anapokanyaga.

"Gari ya nani hii?"

"Yangu, afande," Wekesa akasema akitoka, mkono bado una ugali.

"Hii ni gari ama kaburi?" Askari wakacheka. Mmoja akalipiga teke na kipande cha simenti kikaanguka, lakini chini yake kulikuwa na utomvu mweusi, si rangi. "Inatembea?"

"Kidogo, afande. Inazimika njiani."

"Basi hapana hitaji mkanda. Toa mkanda ya feni. Yetu imekatika."

"Naleta spana, afande. Nitafungua mwenyewe, kifuniko kina kutu." Aliruka kwenda, na hapo alikosea, maana alimwacha askari karibu na kifuniko, na kifuniko hakikuwa na kutu. Kilifunguka kwa kidole kimoja, bila kulia.

Injini ilikuwa kama sahani ya Krismasi. Askari akaita, "Afande." Afande akaja, akainama. Alipitisha kidole juu ya mfuniko wa feni, akakitazama. Akatoa leso nyeupe, akaipitisha nyuma ya bomba, akaitazama na hiyo. Akaenda akafungua mlango, akainua zulia. Akafungua mbele, akaiona jeki. Hakuwa na haraka. Kisha akaomba kisu cha askari, akakwangua mlango mpaka utomvu ukatoka na bluu ikaonekana, kidogo tu, kama ukucha.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi, afande," Wekesa akasema.

"Leta mikono."

Wekesa akainyoosha. Ilikuwa mikono ya pampu, grisi imeingia kwenye mistari ya viganja mpaka haitoki hata kwa mchanga. Afande akaitazama, akaitazama injini. "Hapana. Mikono hii naacha alama. Hapa hakuna alama." Akaanza kugeuza kichwa, polepole, kutazama nani mwingine yupo. Nilikuwa mlangoni. Kucha zangu zilikuwa nyeupe kwa sabuni na vidole vilikuwa na manjano ya nta, ambayo haifichiki. Ndipo Masika akatoka ndani na Simiyu, akanitupia mtoto kifuani, akaizungusha shali juu ya mikono yangu yote miwili mpaka viwiko, akaikaza. "Mshike, anataka kulala," akasema. Simiyu hakutaka kulala. Alipiga kelele kama mtoto aliyeibwa.

"Na huyu?" afande akauliza.

"Mdogo wangu, afande. Wa kubeba mtoto. Hajui kitu."

"Hajui kitu."

"Hata kupika bado, afande."

Afande alinitazama kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Msichana wa miaka kumi na saba kambini kwa askari, kila mtu pale alijua maana yake, na mimi nilijua. Wekesa akaanza kusema. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo, si kabla, si baadaye. "Injini lazima iwe baridi, afande. Unafunika kabureta kwa mfuko. Unapaka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi, ile ya nywele laini, unangoja dakika kumi. Unafuta kutoka juu. Waya unaufuta kwa kuuvuta, si kwa kuusugua. Mikono mimi naipaka mafuta ya kula kwanza, afande, ndiyo maana haiachi alama." Hilo la mafuta ya kula alilitunga pale pale. Afande alimsikiliza mpaka mwisho, na nadhani alisikiliza kwa kupenda.

"Wewe iko fundi ya kudanganya na fundi ya kuosha," akasema. "Kudanganya nasamehe. Kuosha utafanya kambini. Kila Jumapili. Jumapili moja ukikosa, nakuja hapa kuuliza. Sasa osha hii. Nataka kuona rangi yake."

Aliliosha mchana ule, peke yake, kwa ndimu na mafuta ya taa na maji ya moto niliyomsikia Masika akiyachota. Askari walikaa kwenye ukingo wa mfereji. Mimi nilikaa kwenye kiti cha chumba cha mbele, mikono ndani ya shali, mtoto amechoka kulia amelala kweli. Kupitia dirisha niliona kitambaa kikienda mbele na kurudi. Hakuharakisha wala hakuchelewesha. Jua lilipoingia mlimani waliondoka nalo, na lile jeupe wakaliacha getini bila mkanda, na kwa wiki moja watu walilitafuna likabaki mifupa.

Alfajiri, kabla ya king'ora cha zamu, niliwasikia chumbani. Pazia lilikuwa pazia tu.

"Ulijua?" Masika akauliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nane."

"Na hukumkataza."

"Sikumkataza."

"Baba Simiyu, kwa nini?"

Nilisikia mto. "Alikuwa anafanya vizuri," akasema. Masika alipotoka kuwasha moto aliniambia, bila hasira, nifunge vitu vyangu, Papa Kambale anakwenda Bwera Jumapili na mzigo na nitakwenda naye, na hapo nitakaa. Ndivyo nilivyofika Bwera, na sijahama. Wao walivumilia mpaka mwisho wa mwaka, kisha wakarudi Kenya kwa treni na masanduku mawili. Wekesa aliingia kijijini kwao kwa miguu, Masika aliniandikia hilo, bila kuongeza kitu. Nimesikia watu wakisimulia mwaka ule kwa machozi, na walio na haki ya kulia wapo, maana wengine walipoteza watu. Sisi tulipoteza gari. Nilimharibia mtu siku aliyokuwa akiitunza, kwa kulisafisha gari lake, na yeye ndiye aliyenipa nta. Nimeligeuza hili miaka yote na halijapata upande mwingine.

Jumapili asubuhi Papa Kambale alikuwa anafunga mlango wa kamioneti kwa kamba. Nyuma alikuwa amepakia magunia ya maharage na vifurushi vya samaki wa Kahendero vilivyofungwa kwa mabua ya funjo, yale marefu yaotayo ziwani. Nilikaa juu ya mzigo wangu. Wekesa alitoka nyumbani amevaa ile bukta, sabuni imefungwa kwenye gazeti, anakwenda kambini. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilisimama.

"Shemeji, nisamehe."

Alitazama barabara. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeuliza jambo la aibu. "Nataka kukuuliza kitu. Nyuma ya feni, ndani kabisa, pale mkono hauingii. Nilipomwagia maji niliona pako safi. Mimi miaka mitatu sijapafikia. Ulitumia nini?"

"Funjo," nikasema. "Bua la funjo. Nililitwanga kichwa kwa jiwe likawa kama brashi, nikalichovya mafuta ya taa."

"Urefu gani?"

Nikampimia kwa mkono, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.

"Kavu au bichi?"

"Bichi. Kavu linavunjikia ndani."

"Kumbe," akasema. Alitikisa kichwa mara mbili, akaniambia niwasalimie Bwera. Papa Kambale alikuwa bado anahangaika na kamba, anaitukana kwa Kinande. Wekesa alizunguka nyuma ya kamioneti, akachomoa bua moja kutoka kwenye kifurushi cha samaki, akalikunja, likalia. Akalirudisha mahali pake. Akachomoa jingine, akalikunja, halikulia. Akaliweka pamoja na sabuni, akashika njia ya kambini.